Mwalimu wa Michezo na Uzi wa Kwaro

Katika miaka yote niliyoishi jirani naye, sikumwona Mwalimu wa Michezo akikimbia hata mara moja. Hata mvua ya Kisumu, ile inayotoka ziwani bila kubisha hodi, haikuweza kumkimbiza. Siku moja ilitukuta tukitoka sokoni, yeye, mimi na kina mama wengine wa mtaa wetu. Sisi tulikusanya nguo zetu tukakimbilia barazani mwa duka la Mhindi. Yeye alikuja nyuma kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza, akafika amelowa hadi mifukoni, kisha akatutazama sisi wakavu na kusema, "Mtu akikimbia bila kujitayarisha anaharibu misuli."

"Na homa je, Mwalimu?" mama mmoja akamuuliza. "Yenyewe haiharibu?"

Akajibu kwamba homa si somo lake.

Mimi nilifundisha darasa la kwanza kwa muda mrefu, katika shule nyingine upande wa pili wa mji. Kazi hiyo humzoesha mtu kueleza jambo polepole, kulirudia bila kukasirika, na kuamini kwamba kila mtu ataelewa akielezwa vizuri. Nimewaona watoto walioshika penseli kama jembe wakiandika majina yao kabla ya mwaka kwisha. Ni Mwalimu wa Michezo peke yake aliyenifanya niitilie shaka imani hiyo. Basi nitamweleza polepole, kama ninavyoeleza mambo yote, ili msomaji asije akasema nimemwonea.

Nianze na viatu. Alikuwa na raba nyeupe ambazo alizipaka chaki iliyolowekwa majini, akazianika dirishani mbele ya mtaa mzima. Siku ya matope alizibeba kwenye mfuko akatembea pekupeku hadi shuleni, akanawa miguu bombani, akazivaa, akaenda kusimama kando ya uwanja. Akasimama tu. Watoto walikimbia pekupeku juu ya kokoto, na mtu asiyekimbia ndiye aliyekuwa na raba. Nilipomuuliza kwa mzaha kama viatu hivyo vimewahi kuonja mbio, alinijibu kwa upole wa kumhurumia mjinga: "Mama Akinyi, viatu vya mwalimu ni mfano."

Neno hilo, mfano, alilipenda sana. Litarudi.

Halafu mistari. Kila mwaka, shule ilipokaribia siku ya michezo, uwanja ulifungwa. Naomba msomaji alisikie vizuri jambo hili: uwanja wa michezo ulifungwa kwa sababu ya michezo. Wiki nzima watoto hawakuruhusiwa kuukanyaga. Yeye alikuwa pale na ndoo ya chokaa, kamba na vigingi, akiinama na kufumba jicho moja kama mpiga bunduki, akichora mistari iliyonyooka kweli. Mtoto aliyevuka mstari alichapwa fimbo miguuni. Ng'ombe wa mtu alipopita siku moja akaacha kwato na mavi katikati ya njia za mbio, darasa zima lilikatiziwa hesabu ili lisimame kuzunguka uwanja na kuzuia ng'ombe wengine. Akawafunza wimbo wa kuimba wakiwa wamesimama pale: kwanza mstari, kwanza mstari.

Shingoni alining'iniza saa ya kupimia mbio. Mtoto alipomaliza, aliibonyeza, akaitazama, akatikisa kichwa na kusema, "Mbaya kuliko jana." Saa hiyo ilikuwa imekufa. Najua kwa sababu mume wangu, aliyekuwa fundi katika karakana ya reli, aliletewa aitazame. Aliifungua mezani petu na kutu ikamwagika juu ya kitambaa changu cha meza.

"Hii, omera, ndugu yangu, imekwisha," akamwambia.

"Basi ifunge," Mwalimu akasema. Akaivaa tena shingoni, akashukuru, akaenda zake. Kesho yake shuleni, mbaya kuliko jana.

Sisemi kwamba hakuwa na wema wowote. Kanisani aliimba sauti ya tatu akiwa amefumba macho, na machozi yalimtoka kweli, si ya kujionyesha. Kulikuwa na mtoto aliyekuja shuleni bila kula, na Mwalimu alimkatia kiazi chake kitamu kila siku saa nne, lakini mtoto alilazimika kukila akiwa amesimama wima, visigino vimegusana. Siku mtoto mmoja alipozirai juani, alimbeba mgongoni hadi hospitali kwa mwendo wake uleule wa jeneza. Aliporudi, mama wa mtoto akamkimbilia akilia, "Mwalimu, yuko aje?" Akasema, "Ataishi. Lakini nafasi yake kwenye mbio za kupokezana nimempa mwingine."

Huyo ndiye mtu aliyeshika uzi siku mwanangu alipokimbia mbio zake za kwanza.

Lazima nieleze kidogo kuhusu uzi. Shule ilikuwa na donge la sufu nyekundu, ambalo uzi wake ulivutwa pale mwisho wa mbio, ili anayefika wa kwanza aukate kwa kifua. Mwaka ule, miaka michache baada ya uhuru, sufu ile ilitoweka. Sisi majirani hatukusumbuka kuitafuta, maana mtoto mchanga wa Mwalimu alikuwa amebebwa mtaani wiki nzima akiwa ndani ya fulana nyekundu ya kufumwa, na kofia yake. Jioni ya kuamkia michezo, Mwalimu alisimama mlangoni pangu.

"Mama Akinyi, nyinyi watu wa samaki hamkosi uzi."

Nilimpa. Ulikuwa uzi mwembamba wa nailoni wa kijani, uliochakazwa na jua, uliobaki katika donge tulilopewa na baba mkwe wangu, mshona nyavu wa Dunga, kwenye ufuo wa ziwa. Akinyi, aliyekuwa ameanza darasa la kwanza shuleni kwa Mwalimu, alikuwa amekaa chini akila. Aliuona uzi ukitoka nyumbani.

Akinyi alilelewa nusu mjini kwetu na nusu Dunga kwa babu yake, ambaye alimwita Kwaro kama wajukuu wote wa Kiluo wanavyowaita babu zao. Kwaro alivuta uzi wake kati ya nguzo mbili, na uzi huo ulikatiza njia inayotoka nyumba za wavuvi kwenda majini. Pale palikuwa na desturi ambayo mtoto aliijua kabla hajajua kuhesabu. Ukikuta uzi umevutwa, unasimama. Huugusi, huuruki, huinami kupita chini yake. Uzi ukiguswa unalegea, matundu ya wavu yanakuwa makubwa hapa na madogo pale, na asubuhi nzima ya mzee inapotea. Na ukiuruka, alisema Kwaro, samaki nao watauruka. Unasimama na kuuliza, "Kwaro, nipite?" Mzee humaliza fundo lake kwanza, kisha anaukandamiza uzi chini kwa kidole na kusema, "Kadhi," yaani pita. Hata mwenye mtumbwi alisimama. Hata mimi, mkaza mwana mwenye cheti cha ualimu na ndoo ya samaki kichwani, nilisimama.

Na Akinyi alijua kukimbia. Alitumwa chumvi akarudi kabla hujakumbuka kwamba ulitaka na kiberiti. Kwa hiyo nilikuwa nimejisifu mapema, sitaficha. Niliwaambia majirani waje. Baba yake aliomba ruhusa kwa msimamizi wake akaja na mafuta ya mashine mikononi, akasimama nami kando ya mistari ile mizuri ya chokaa.

Mwisho wa mbio, ncha moja ya uzi wa kijani ilifungwa kwenye nguzo ya goli. Ncha ya pili aliishika Mwalimu mwenyewe, ameketi kitini, saa shingoni, kipaza sauti cha bati miguuni.

Wasichana wa darasa la kwanza wakapangwa. Leso ikashushwa. Sijui kama kuna mzazi anayeweza kueleza anachokiona wakati kama ule, hata awe mwelezaji hodari namna gani. Niliona sare niliyoishona mwenyewe ikija, na ndani yake mtoto wangu, mdomo wazi, mikono imekunjwa kama mbawa za kuku. Wenzake walikuwa nyuma kabisa. Mume wangu alinishika mkono akanichafua kwa mafuta. "Mama Akinyi," alisema, "yawa, tazama!"

Akafika kwenye uzi. Akasimama.

Alisimama kabisa, visigino pamoja, vidole vya miguu nyuma ya uzi. Akainua uso, akamwangalia mtu aliyeshika ncha yake, akauliza kwa adabu zote alizofundishwa, "Mwalimu, nipite?"

Mwalimu alimtazama tu. Hakutikisa kidole. Wenzake wakafika kama mbuzi walioona zizi, watatu wakapita na kuukata. Akinyi aligeuka, akaona uzi wa babu yake umelala chini vipande viwili. Wakati watu wanacheka, yeye alichuchumaa, akaokota ncha zote mbili, akazifunga kwa fundo la nyavu, lile dogo lisilofunguka, akampelekea Mwalimu.

"Nimeutengeneza," akasema.

"Wa nne," Mwalimu akatangaza kwa kipaza sauti.

Nilikwenda pale kitini. Nilikwenda polepole, kwa sababu bado niliamini kwamba ni jambo la kuelezwa.

"Mwalimu, mtoto alifika wa kwanza. Kila mtu ameona."

"Alifika, Mama Akinyi. Kufika si kumaliza."

"Alisimama kwa sababu kwao uzi ukivutwa mtoto anasimama. Na huu ni uzi wa kwao. Ni wewe uliyekuja kuuomba."

"Sheria inasema kifua."

"Ulimwambia?"

"Nani?"

"Mtoto. Wiki nzima umewafundisha wasivuke kitu. Kuna siku uliyomwambia kwamba huu wa mwisho unavukwa?"

"Mama," akasema, akinihurumia, "uzi unakatwa. Kila mtu anajua."

Mume wangu alikuwa amefika. "Omera, mpe mtoto kikombe. Ni kikombe cha bati tu."

Mwalimu akageukia watu, maana aliona kwamba ana wasikilizaji. "Bwana Fundi, huko kwenu reli, gari moshi likisimama nje ya stesheni, mnasema limemaliza safari?"

"Likisimama kwa sababu signali imelizuia," mume wangu akasema, "dereva tunampandisha cheo."

Watu walicheka sana, lakini kikombe kilikwenda kwa mwingine. Akinyi alirudi nyumbani juu ya mabega ya baba yake, akiwa ameshika mkononi kipande cha uzi wa kijani, hajaelewa bado kwamba amefanya kosa. Alinihakikishia kwamba fundo lake lilikuwa zuri. Nilimwambia lilikuwa zuri kuliko yote.

Kama jambo hilo lingeishia hapo, nisingekuwa na haja ya kuandika habari za mtu huyu. Wapimaji wabaya wako kila mahali. Lakini Mwalimu wa Michezo alikuwa amepata kitu cha kuchekesha, na mtu asiye na mzaha akiupata mmoja hauachi. Mwaka uliofuata, watoto wadogo walipopangwa, alinyanyua kipaza sauti: "Na msisimame hapa kuomba ruhusa kama yule binti wa samaki!" Wazazi wakacheka. Mwaka mwingine, tena. Aliurudia mzaha huo hata gwarideni, hata walipokwenda kushindana na shule nyingine hadi Sondu, ambako hakuna aliyemjua binti wa samaki ni nani, akaeleza kisa chote tangu mwanzo ili nao wacheke. Katika kisa chake, uzi ulikuwa sufu nyekundu ya shule.

Akinyi alianza kuumwa tumbo kila siku ya michezo. Tumbo liliposhindwa kuaminiwa, mguu. Mwishowe alijitolea kubeba ndoo ya maji ya wanaokimbia, na Mwalimu akamsifu kwa moyo wa kusaidia. Hata Dunga alianza kutembea. Nilijua bado anakimbia wakati anadhani hakuna mtu, maana chumvi ilifika upesi mno; lakini akiniona nimesimama mlangoni, mbali kule njiani, alipunguza mwendo akaja hatua kwa hatua kama mkaguzi wa shule. Hilo ndilo nililonyang'anywa. Kikombe cha bati ningeweza kukinunua.

Nilikwenda kwa Mwalimu mara moja tu kumwomba aache. Alikuwa anapaka raba zake chaki.

"Mwalimu, mtoto anaumia."

"Anaumia wapi?"

"Hataki kukimbia tena."

"Basi si mkimbiaji," akasema, akigeuza kiatu apake upande wa pili. "Na ule, Mama Akinyi, ni mfano. Mwalimu mzuri hutumia mifano."

Nikarudi nyumbani. Mtoto wa darasa la kwanza ningemweleza tena kesho yake.

Miaka ilipita. Mwalimu alistaafu, akahamia Nyamasaria kwenye kipande chake cha ardhi, na majirani zake wapya wakaniambia kwamba amepanda mahindi kwa kamba na chokaa. Akinyi alikwenda sekondari ya bweni, akawa mrefu, msomaji wa vitabu, mwenye kicheko cha baba yake. Barua zake zilieleza kila kitu isipokuwa michezo.

Kisha Jumamosi moja, wakati wa likizo, tulikuwa Dunga mimi na yeye. Kwaro alikuwa mzee sana sasa, lakini uzi wake ulikuwa umevutwa palepale. Nikaona raba nyeupe zinakuja njiani. Alikuwa amekonda, saa bado shingoni, kikapu mkononi, anakuja kununua samaki. Alipofika kwenye uzi alinyoosha mkono auinue.

"We!" Kwaro akasema, bila kuinua macho kwenye fundo. "Simama hapo."

"Mzee, mimi napita tu."

"Basi omba."

Wanawake wa samaki waliacha kuparua magamba. Mwalimu wa Michezo alitazama kulia na kushoto. Raba zake zilikuwa zimesimama sawasawa nyuma ya uzi.

"Nipite?" akasema.

Kwaro akamaliza fundo lake, na lingine, na sitakataa kwamba la pili lilikuwa refu. Kisha akaushusha. "Kadhi."

Mwalimu akatusalimia. Alimtazama Akinyi, na nilidhani hatamtambua, lakini kichwa chake kilihifadhi nafasi za watoto wote wa mji huu. "Wa nne," akasema, kama mtu anayetaja jina.

"Habari, Mwalimu," Akinyi akasema.

Mwalimu alichagua ngege wawili wakubwa baada ya kuwapanga samaki wote wa mama mmoja kwenye mstari ulionyooka, jambo lililomfanya mama aape kwamba hatamwuzia tena. Mama akamfungia hao wawili kwenye gazeti. Wakabishana bei, Mwalimu akalipa, akatoa mfano wa jinsi samaki wanavyopaswa kupangwa, akaomba kupita, akaondoka. Kifurushi kilibaki juu ya benchi.

"Mwalimu amesahau samaki wake," nikasema.

Alikuwa ameshafika mbali, karibu na barabara. Mama wa samaki akasema, "Muache arudi na miguu yake hiyo." Akinyi alikitazama kifurushi. Akanitazama mimi. Nikajishughulisha na ndoo.

Nilisikia kwanza mchanga. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshaondoka, pekupeku, mdomo wazi, kifurushi kwapani na mkono mmoja umekunjwa kama bawa la kuku, na alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye uzi wa babu yake. Nikaona hapunguzi. Nikataka kupiga kelele.

Kwaro hakuulizwa kitu. Aliinua macho, akaliacha fundo lake katikati, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kabla wala baada ya siku ile, akaushusha uzi hadi chini mchangani kwa mkono wote mzima.

Akinyi akapita juu yake kama upepo. Mama wa samaki akapiga kigelegele, na mwingine akadakia. Alimfikia Mwalimu, akampita, akapunguza mwendo, akageuka na kusimama mbele yake akimnyooshea samaki. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwafuata, ndoo imetupwa, na nilikuwa karibu vya kutosha kusikia.

Mwalimu alipokea kifurushi, akakikagua, akakitia kikapuni. Halafu mkono wake, sijui kama yeye mwenyewe alijua, ukashika ile saa iliyokufa ukaibonyeza.

"Umepunguza mwendo pale mwishoni," akamwambia.

"Ndiyo, Mwalimu," Akinyi akasema, akihema, akicheka kicheko cha baba yake. "Nilikuwa nimeshafika."